Timu ya Kware Ndani ya Flashi

Nabwire hakupenda gemu. Hilo alilisema wazi tangu siku ya kwanza tulipojuana, miaka saba iliyopita, nilipohamia ghorofa ya tano ya ploti yetu hapa Kware, Nairobi, na kukuta mlango wake unatazamana na wangu. Kati ya milango yetu kuna ushoroba ambao watu wawili wenye mitungi ya maji hawawezi kupishana bila mmoja kurudi nyuma, kwa hivyo mambo ya jirani utayajua hata usipoyauliza. Alinisaidia kuingiza kitanda, akauliza jina la mtoto wangu ili ajue ataniitaje, na kuanzia hapo nikawa Mama Koki. Yeye alikuwa Mama Ayuma. Binti yake alikuwa akisoma shule ya bweni kwao Butere, na mumewe, alivyonieleza akifuta jasho, alikuwa mtu wa kushinda akicheza na watoto.

Mume huyo ni Mulama. Alikuwa na chumba cha gemu pale chini, upande wa barabara, katikati ya kinyozi na duka la unga. Mashine nne, runinga nne za kichogo, zile nene za zamani, mabenchi mawili. Vijana wa Kware na Pipeline walijaa mle ndani wakicheza kandanda la runinga. Mashine zenyewe zilikuwa za kale, zile ambazo wenye uwezo walishaziacha zamani wakanunua mpya, kisha wakanunua mpya tena. Sehemu ya kusoma diski ilikuwa imekufa katika zote nne, lakini Mulama alikuwa amezifundisha kusoma gemu kutoka kwenye flashi. Hakuna aliyemfundisha yeye. Alijifunza kwa kujaribu na kuharibu na kujaribu tena, na alikuwa mpole, mrefu, mtu wa kucheka taratibu na kusahau chakula.

Nabwire alikuwa kibarua katika kiwanda kimoja cha kufungasha sabuni kule Viwandani. Alitoka alfajiri akasimame getini na wenzake mpaka msimamizi aite majina. Siku asipoitwa alirudi kwa miguu, na njia yake ilipita mbele ya kile chumba. Kumkuta mumewe kwenye benchi akibofya vitufe pamoja na vijana kulimchoma moyo. Aliniambia zaidi ya mara moja kwamba yeye anapigana na maisha na mwenzake anapiga mpira wa kwenye kioo. Hawakuwa wakigombana kwa kelele. Nabwire alikuwa mtu wa kununa, na Mulama alikuwa mtu wa kungoja kununa kupite.

Kiharusi kilimpata Mulama mwezi wa pili mwaka juzi, mchana, akiwa amekaa palepale kwenye benchi. Vijana waliniambia baadaye kwamba padi ilimponyoka mkononi, ile ya kuchezea yenye vitufe, wakadhani amekasirika kwa kufungwa. Alipojaribu kuiokota akaenda nayo chini.

Alikaa hospitali wiki tatu. Alirudi akiwa na mkono wa kulia uliolala kama si wake, mguu wa kulia unaoburuta, na neno moja. Katika maneno yote aliyokuwa nayo, Kiswahili na Kiluhya na ile Sheng ya vijana wake, lilibaki neno "bado." Ukimuuliza kama ana njaa, bado. Ukimsalimia, bado. Akitaka dirisha lifungwe, bado. Akili yake ilikuwa nzima, daktari alisema, anaelewa kila kitu, ila njia ya maneno kutoka ndiyo iliyokatika. Nabwire alijifunza kulisikia neno lile kwa namna zake. Likitoka fupi na kavu, hapana. Likivutwa polepole pamoja na kichwa, ndiyo. Likirudiwa mara tatu au nne kwa haraka, kuna jambo na hulijui, endelea kutafuta.

Nabwire aliacha kwenda Viwandani, maana hakuna wa kumwachia mgonjwa. Akaanza kuuza mboga na dagaa wa omena kwenye lango la ploti, ili kila baada ya saa moja apande ngazi kumgeuza na kumpa maji. Chumba cha gemu kilifungwa. Mashine tatu zilichukuliwa kufidia kodi, moja ikapandishwa juu, kwa sababu Mulama aliishikilia kwa mkono wa kushoto na hakutaka kuiachia. Nabwire akaiweka chini ya runinga yao, akaichomeka flashi, akaendelea na kuchambua mboga zake.

Mulama alicheza kwa mkono mmoja. Wachezaji wake walikimbia tu. Hawakuweza kupiga, maana vitufe vya kupigia viko upande wa kulia. Alifungwa kila siku, saba, tisa, kumi na mbili. Lakini alikuwa akikaa wima, na macho yake yalikuwa na mtu ndani yake. Nabwire alinieleza kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza kushukuru kwa ajili ya ile mashine.

Halafu yeye mwenyewe akaiharibu flashi. Namna ilivyotokea ni kwamba kwaya ya kanisa lao ilitaka nyimbo za mazoezi zigawiwe, kila mmoja aje na flashi yake. Nyumbani kulikuwa na flashi moja tu. Aliichomoa Jumapili asubuhi Mulama akiwa usingizini, akampa katibu wa kwaya, akairudisha jioni. Katibu alikuwa mtu mwema. Alipoona flashi imejaa alihamisha gemu zote kwenye kompyuta yake, akaweka nyimbo, kisha akazirudisha gemu popote palipobaki nafasi. Alidhani hajapoteza kitu.

Jumatatu mashine iliwaka, ikaonyesha orodha tupu.

Nabwire aliniambia kwamba Mulama hakupiga kelele. Alibonyeza kitufe kilekile kwa kidole gumba, tena na tena, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ambayo anajua kuna watu ndani. Alipochoka akaiweka padi pajani, akageukia ukuta.

Siku iliyofuata Nabwire aliipeleka flashi kwa Nzau, fundi wa simu na redio aliye karibu na kituo cha maji. Nzau aliichomeka, akaitazama kidogo, akamrudishia. "Hii ilishakufa, mathe. Acha nikuwekee ingine, gemu mpya kali." Na akaweka kweli, flashi nyingine, gemu ishirini. Mashine ikaisoma vizuri. Mulama alitazama orodha ile mpya, akafungua kandanda lililokuwemo, akaitazama ile timu ya kwanza kwa muda, kisha akaisukuma padi ikaanguka. Bado, alisema, fupi na kavu. Nabwire hakuelewa. Gemu ni gemu, alifikiri. Alikuja kubisha kwangu akiwa na flashi mbili kwenye kiganja, na nilipofungua nikaona amelia.

Mimi nachapa kazi za watu. Barua za maombi, mikataba ya nyumba, ratiba za mazishi. Nina kompyuta ndogo na meza, na hiyo ndiyo sababu alikuja kwangu. Nilimwambia ukweli kwamba kuhusu gemu sijui kitu. Akasema anayejua yuko pale ng'ambo ya ushoroba, shida ni kwamba hawezi kusema. Nikamwambia amlete.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Alimshika kiunoni akamvusha hatua sita kutoka mlango wake hadi wangu, tukamkalisha kando ya meza. Nabwire alikaa kwenye kitanda changu na sinia la maharagwe na mahindi ya githeri, akichambua, kwa sababu hakuwahi kukaa bila kazi. Nikaichomeka flashi ile ya zamani.

Ndani kulikuwa na nyimbo za kwaya zaidi ya mia moja, na folda moja ambayo katibu alikuwa ameiita "Vitu vya Mama Ayuma". Nikaifungua. Gemu zote zilikuwemo humo. Nilimuuliza Mulama kama zinatakiwa kukaa hapo ndani. Bado, fupi. Nikauliza kama zitoke nje, zikae mwanzoni kabisa. Bado, ndefu, na kichwa. Nikazitoa. Tukaivusha flashi hadi kwenye mashine yao, na orodha ikarudi, gemu zote kumi na moja. Nabwire alipiga makofi. Mulama hakufurahi. Alichagua kandanda lake, kioo kikawa cheusi, kikabaki cheusi.

Tulirudi kwangu. Nilikuwa nimeishiwa na maswali. Nilimuuliza kama flashi imekufa, hapana. Kama gemu imekufa, hapana. Kama ni nyimbo, akasema bado, bado, bado, ile ya haraka, na akaanza kuangaza macho chumbani akitafuta kitu. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea sinia la Nabwire.

Nabwire alidhani ana njaa. Alimletea. Mulama alichukua maharagwe moja moja, akayapanga kwenye meza yangu, mstari mmoja ulionyooka, kumi hivi. Ilichukua muda; mkono wa kushoto ulikuwa bado haujazoea. Akaelekeza kidole kwenye jina la gemu kwenye kioo. Kisha akachukua punje za mahindi akazisukuma katikati ya maharagwe, mbili hapa, nne pale, mstari ukakatika vipande vipande. Akanitazama. Akaelekeza kidole kwenye nyimbo.

Nikaelewa. Gemu ilikuwa imevunjwa vipande na kutawanywa katikati ya nyimbo. Kompyuta ya kisasa huokota vipande na kuviunganisha bila wewe kujua, lakini ile mashine ya kale husoma moja kwa moja, ikikuta pengo inasimama. Mulama alifagia meza nzima kwa kiganja, maharagwe na mahindi yakaanguka mapajani mwa mkewe. Halafu akaanza upya, maharagwe kwanza, mstari mmoja, bila mahindi.

Tulipaswa kuhamisha vitu vyote, tuifute flashi kabisa, turudishe gemu kwanza, moja baada ya nyingine. Kuhamisha kulichukua zaidi ya saa moja. Nabwire alipika chai. Gemu zilipokwisha kuingia kwenye kompyuta yangu niliuliza kama nifute sasa, nikapeleka kidole kwenye kitufe, na Mulama akaushika mkono wangu. Aliushika kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Bado, bado, bado, bado.

Kulikuwa na kifolda kidogo nilichokiacha, cha herufi tatu, VMC, chepesi kuliko wimbo mmoja. Nilidhani ni takataka. Nilipomwonyesha alifumba macho, akavuta ile bado ndefu. Nikakinakili, nikamfungulia aone kwamba kimefika salama, ndipo akaniachia mkono. Alama za vidole vyake zilikaa kwenye ngozi yangu hadi jioni.

Wakati wa kufuta, kompyuta ilinipendekezea namna mpya ya kuipanga flashi. Akakataa. Nikatafuta hadi nikapata ile ya zamani, FAT32, akakubali. Tukarudisha gemu moja moja, kandanda likiwa la kwanza, kile kifolda cha herufi tatu mwisho. Nyimbo za kwaya tulizihamishia kwenye flashi ya Nzau. Saa kumi na moja jioni tulivuka ushoroba, watatu, na mashine ikafungua gemu.

Kifolda kile ndicho kilichokuwa kumbukumbu yake. Kadi ya mashine ilishaharibika zamani, kwa hivyo kila alichokihifadhi kilikuwa ndani ya flashi. Na alichokuwa amekihifadhi ni timu. Ilikuwa na jezi ya kijani na jina KWARE. Alikuwa amefuta majina ya wachezaji wa nje, herufi kwa herufi, akaweka ya watu wake. Kinyozi alikuwa beki. Mwenye duka la unga alikuwa beki pia, mnene hata kwenye gemu. Mativo mwuza mitumba, kiungo. Tulikuwa tukisoma na kucheka, kisha tukafika kwenye namba moja, mwenye glavu. Golikipa aliitwa NABWIRE.

Nabwire alisogea karibu na runinga kana kwamba hakuona vizuri. "Umeniweka langoni?" alimuuliza. Mulama akavuta ile bado ndefu. Nikasema ninakwenda kutazama jiko langu, ambalo halikuwa na kitu.

Kuanzia wiki ile walicheza pamoja. Walikuwa wakikaa kwenye kochi bega kwa bega, padi ikiwa katikati yao, sehemu ya kushoto kwenye mkono mzima wa Mulama, sehemu ya kulia kwenye mkono wa mkewe. Mulama aliendesha, Nabwire alipiga. Alipotaka pasi alimgusa kwa kiwiko mara moja, shuti mara mbili. Mwanzoni walifungwa vibaya. Kufikia mwezi wa saba walikuwa wakishinda. Nilikuwa nikisikia kicheko cha Nabwire kupitia mlango, baada ya miaka mitano ya kuishi naye jirani bila kukijua. Alipanda ngazi sasa kwa haraka zaidi, na wateja wake walizoea kungoja.

Mfungaji wao mkubwa alikuwa namba tisa, aliyeandikwa HIBO. Nabwire alidhani ni jina la mchezaji wa nje ambaye Mulama hakumfuta. Hakufikiria zaidi.

Mwezi wa kumi na moja alikwenda Kiamaiko kununua matumbo ya mbuzi, na pale kwenye foleni akamsikia mwuzaji mmoja akimwita bintiye. Alimwita Hibo. Nabwire alisimama na karai mkononi. Njia yote ya kurudi, alinieleza, alikuwa akihesabu majina ya timu ile. Kila mtu mle ndani alikuwa mtu wa hapa, mtu halisi, anayejulikana. Kwa hivyo hata huyu ni mtu. Ni mwanamke, aliwaza, na mimi simjui.

Alimuuliza jioni ileile. Nadhani angetaka akatae, au aone haya. Lakini Mulama aliposikia jina hilo uso wake ulifunguka, akatabasamu kwa ule upande mmoja uliobaki, akasema bado, bado, bado, na mkono wake wa kushoto ukaanza kuchora vitu hewani, vitu virefu, hadithi nzima ambayo hapakuwa na wa kuisoma. Lile tabasamu ndilo lililomuumiza Nabwire. Alimwambia basi, nimesikia. Asubuhi akaichomoa flashi, akaitia kwenye kipochi chake cha kifuani.

Hakumtesa. Hilo nataka lieleweke, kwa sababu nilikuwa pale. Alimwogesha, alimlisha, alimgeuza, alimpaka mafuta. Ila hakukaa naye kwenye kochi. Mulama aliitazama mashine, akamtazama mkewe, akaita kwa neno lake, na Nabwire akajibu kwamba ana kazi. Siku ya tano nilimwambia, Mama Ayuma, mrudishie mgonjwa kitu chake. Akaniambia amesimama getini Viwandani kwenye baridi miaka kumi, na muda wote huo mtu mwingine alikuwa akifurahi na mumewe mle chumbani. Nikamwambia hajui hilo. Akasema ndiyo, hajui, na hatajua kamwe, na hiyo ndiyo inayomla. Sikubishana naye. Nilipaswa kubishana.

Zilikuwa siku tisa. Siku ya kumi alipanda na maji akamkuta amelala upande, nusu kwenye kochi nusu chini, akipumua kwa sauti. Tulimshusha ghorofa tano kwa blanketi, mimi na kinyozi na vijana wawili. Hospitali walisema ni kiharusi cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza. Nabwire alikaa naye siku mbili. Alimwambia maneno mengi, lakini Mulama hakufumbua macho, na hata neno lake lile moja hakulisema. Alifariki Alhamisi kabla ya saa sita mchana.

Mikutano ya mazishi tulifanyia pale chini, kwenye mabenchi yaleyale, ambayo kinyozi alikuwa ameyahifadhi. Siku ya tatu alikuja mwanamke wa makamo ya miaka thelathini, amevaa buibui la kahawia, akiwa na mfuko wa majani ya chai na sukari. Alisimama kando mpaka wimbo ukaisha. Kisha akauliza Mama Ayuma ni nani, akaja kumshika mkono. Alisema anaitwa Hibo.

Nilikuwa nimekaa pembeni ya Nabwire na nilihisi mwili wake ukikakamaa. Alimsogezea nafasi kwenye benchi, kwa adabu.

Hibo alieleza mwenyewe, bila kuulizwa. Alikuwa akiuza supu ya vichwa vya mbuzi kwa ndoo, akitoka Kiamaiko hadi Pipeline kwa miguu, miaka tisa iliyopita, kabla hajaolewa akaenda Isiolo. Siku moja mvua ilimkuta mlangoni pa chumba cha gemu. Vijana walimcheka alipouliza mchezo ule unachezwaje. Mulama alimnyang'anya mmoja wao padi, akampa. Baada ya mwezi hakuna kijana wa Kware aliyeweza kumfunga. Alikuwa akija kila Jumanne, na ndoo yake, anacheza mechi mbili, anaondoka. Baba yake angejua angemfungia ndani. Alisema Mulama ndiye mtu wa kwanza mjini humu kumwambia kwamba anajua kitu.

"Nilikuwa namuuliza, mbona timu yako golikipa ni mwanamke," Hibo alisema. "Aliniambia, huyo ni mke wangu. Nyumba yangu inasimama kwa sababu yuko langoni. Mimi huku ninacheza tu."

Nabwire aliuachia mkono wa Hibo, akaingiza vidole kifuani, akatoa kipochi. Nilidhani atamwonyesha ile flashi. Hakumwonyesha. Alikishika tu kipochi kwa mikono miwili, akainama juu yake, na hakuinuka mpaka watu walipoanza kumzunguka. Hibo alidhani ni uchungu wa msiba, na ulikuwa huo, akambembeleza kwa maneno ya kwao na ya kwetu.

Tulimzika Butere, Jumamosi ya wiki iliyofuata. Wasifu wake niliuchapa mimi, ukurasa mmoja: alizaliwa, alisoma hadi kidato cha pili, alikuja Nairobi, alifanya biashara. Nilimuuliza Nabwire kama niongeze jambo lolote. Akasema niandike kwamba alikuwa na subira, na nikaandika.

Nabwire amerudi, na bado anauza mboga langoni. Ayuma alipokuja likizo ya Aprili aliicheza ile mashine kwa mikono miwili, vizuri, na mama yake alimtazama dakika chache kisha akashuka kwenye biashara. Wiki hizi watu wenye mashine za kale wamejua kwamba flashi zinazogoma humshinda Nzau na hazimshindi Mama Ayuma. Huja nazo jioni, naye huja kwangu kuomba kompyuta. Anajua kuzifuta na kuzipanga upya kuliko mimi. Kabla ya kufuta humuuliza mwenye flashi mara tatu kama kuna chochote ndani ambacho angekitaka.

Mwezi uliopita tulikuwa juu ya paa, tukianika. Upepo ulikuwa unapiga mashuka na tulikuwa tukiyashika kwa pamoja. Akaniuliza, akiwa upande wa pili wa shuka ambako sikumwona uso, kama nadhani Mulama alijua kwa nini alinyimwa flashi siku zile tisa, au alidhani imeharibika tena.

Nilimwambia alidhani imeharibika. Nikasema alikuwa amezoea vitu vya zamani kugoma.

Nabwire alibana shuka kwa vibanio viwili, akainama kuchukua lingine kwenye beseni. Akasema macho ya Mulama hayakuwa ya mtu anayedhani hivyo. Tukaendelea kuanika mpaka beseni likaisha.